Nilimnyima mama chumvi nikidhani namwokoa

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitambaa soko la Kasongo. Haya yamenipata mwenyewe. Sitaongeza kitu wala kuficha, hata pale yanaponiaibisha.

Mama yangu ana tansio, yaani presha, na sukari, sasa miaka mingi. Alikuwa akiishi Wamaza kwenye shamba lake la mpunga. Miguu ilipoanza kuvimba na kufa ganzi nikamleta kwangu.

Opitali walimwongezea kidonge cha kukojoa, wakasema apunguze chumvi.

Mimi nikaiondoa yote.

Sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, samaki bila chumvi. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, hii chakula iko kama maji tu."

Nikamjibu, "Mama, unataka kufa?"

Akala. Na huyu ni mwanamke aliyelima peke yake tangu baba afariki, hakuzoea kuamriwa na mtu.

Baadaye nikagundua anakwenda kula kidogo kwa jirani, Mama Asumani. Nikaenda pale, nikasema maneno makali mbele ya wageni. Tangu siku ile mama hakutoka tena uani. Alikaa kwenye mkeka, anakunywa maji mengi, nami nafurahi nikidhani yanamsafisha mwili.

Baada ya kama mwezi akaanza kubadilika. Kichwa kinauma, anatapika, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Asubuhi moja alimwaga uji juu ya vitambaa vyangu, nikamfokea kama mtoto.

Alinitazama tu. Hakujua mimi ni nani.

Majirani walisema ni uzee. Kaka yangu Rajabu, aliyeko Salamabila kwa biashara ya dhahabu, akasema kwenye simu asomewe dua. Akasomewa. Siku mbili baadaye mwili ukakakamaa, akatetemeka mpaka macho yakageuka. Tukampakia kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, hadi opitali.

Majibu ya labo yalionyesha sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi, imeshuka vibaya.

Dokta akauliza, "Nani alikataza chumvi kabisa?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza taratibu: kidonge kinatoa chumvi mwilini, mama hali chumvi, halafu anakunywa maji kupita kiasi. Ubongo ukaathirika. Na ile ganzi ya miguu, niliyodhani ni sukari peke yake, ilikuwa pia upungufu wa vitamini B12. Vidonge vyake vya sukari, vikitumiwa miaka mingi, vinaweza kuuleta, na kwetu nyama na mayai ni mara mojamoja.

Wakambadilishia dawa, wakamtundikia serumu ya maji yenye chumvi polepole, wakaanza sindano za vitamini. Siku ya nne akafungua macho, akauliza kama mpunga umeshavunwa. Nilitoka nje nikalia.

Kule kufokewa hakukumbuki. Mimi nakumbuka.

Akili imerudi, miguu bado. Anatembea kwa kushika ukuta, na shamba wanalima wengine. Mama Asumani nilimwomba msamaha, akanipa kiti, lakini hatuongei kama zamani.

Nilichojifunza: kupunguza si kuondoa. Muulize dokta kiasi gani hasa. Mzee akibadilika ghafla, apimwe damu kabla hamjasema ni uzee. Na msikimbilie kuongeza chumvi kwa sababu ya uzi huu, kila mgonjwa ana vipimo vyake.

Kama kuna mwenye mgonjwa aliyepata ganzi ya B12, naomba aniandikie hapa chini: hisia zilirudi? Baada ya muda gani?

Kila asubuhi mama anafumba macho, mimi namgusa kidole gumba cha mguu, namuuliza kama anasikia. Jana akasema, "Nasikia, mwanangu. Leo nasikia vizuri."

Nilikuwa bado sijamgusa.