Kauli Ambayo Haijafutwa

Bibi aliamini kwa sababu mheshimiwa mbunge wetu aliapa. Siku ya kiapo tuliisikiliza redioni, wakasema ameshika Msahafu. Kwa hiyo aliposimama bungeni kusema mabomba ya kijiji chetu yanatoa maji, Bibi hakwenda hata kuangalia. Alisema aliyeapa na Msahafu hawezi kudanganya mbele ya nchi nzima.

Huku Newala juu maji yetu ni ya mvua. Yanateremka kwenye bati, yanaingia kisimani uani, tunayatumia kwa adabu mpaka masika mengine. Bibi aliyachota yote yaliyobaki, akakandika nyumba upya. Udongo ulipokauka tukaenda kufungua bomba. Likapumua tu, kama mtu aliyelala.

Bibi alishuka bondeni mwenyewe kuteka maji, sisi tuko shule. Akateleza akipanda na ndoo. Hakuinuka tena kitandani, tukamzika kabla korosho hazijaanza kudondoka. Alama za vidole vyake zipo ukutani hadi leo. Napita upande mwingine.

Mheshimiwa alipokuja kufanya mkutano, watu waliuliza bei ya korosho na barabara ya Masasi. Mimi darasani hata kuitika jina naona haya, lakini nilijikuta nimesimama. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniambia nisiogope.

"Naomba urudi kule kule bungeni ukafute kauli ya maji. Bibi yangu aliiamini."

Watu wakacheka. Nyuma yangu mtu akasema huyu mtoto wa nani, amekula nini leo. Mheshimiwa yeye hakucheka. Alieleza kwamba taarifa aliletewa na wataalamu, kisha akashusha sauti.

"Nitaifuta, mwanangu."

Mama akanivuta sketi nikae.

Bunge limeanza tena. Mama huweka redio dirishani, anaacha kupepeta, anasubiri. Jana mheshimiwa akaitwa kuzungumza. Alimshukuru Spika, akasema kijijini kwetu mwanafunzi wa kike alisimama mkutanoni kumpongeza kwa maji.

Wabunge wakampigia meza. Hakuna aliyemwambia athibitishe.

Mama hakunitazama. Aliufuata ukuta wa Bibi, akaweka vidole vyake ndani ya zile alama, akakaa hivyo. Huko nje bomba lilikuwa wazi, linapumua. Sasa na mimi nimo ndani ya ile kauli.