Habari Zangu kwa Daktari wa Pensheni

Mwaka wa pili wa vita, ofisi ya pensheni iliniletea fomu ya kuangalia kama bado nina wazimu. Haikusema hivyo, ilikuwa na adabu zaidi. Ilisema kwa Kifaransa kwamba hali ya mhusika wa pensheni ya ulemavu huangaliwa upya kila baada ya muda, kwamba mhusika ajaze kurasa zote kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba asipofanya hivyo malipo yatasimama. Mhusika ni mimi. Malipo hayo ndiyo yaliyotulipia kodi ya vyumba viwili mtaani Kimisagara, hapa Kigali, na vidonge nilivyomeza asubuhi na jioni. Yakisimama, mke wangu angebaki na meza yake ya maharage sokoni na mume asiyeaminika hata kupima hayo maharage.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika orodha ya walemavu. Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Shule niliiacha mapema. Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni nilijifunza kwa kuvipanga, herufi moja moja za madini ya risasi, kinyumenyume, na ndiyo maana naweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu bila kumwomba aligeuze. Ni kazi inayotaka mtu makini, nami ni makini. Ugonjwa wangu pia ni makini, huja kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza nalala. Si usingizi, ni kulala tu, macho wazi, na kuinua mkono kuchukua kikombe kunakuwa shughuli inayohitaji kufikiriwa asubuhi nzima. Zamu ya pili silali kabisa, na kila kitu duniani naona kimepangwa vibaya na kinanisubiri mimi.

Katika zamu ya pili nilipewa kalenda ya mwaka mpya ya wateja wa kiwanda. Niliitazama wiki ya siku saba nikaona inawaonea wafanyakazi, nikaongeza siku ya nane. Sikuipa jina. Niliiachia nafasi nyeupe ili kila mtu aitumie apendavyo. Kalenda zilichapwa, zikasambazwa, zikatundikwa ukutani, na hakuna aliyelalamika mpaka paroko mmoja alipoona Jumapili zake zinasogea. Bado naamini wazo halikuwa baya. Kiwanda hakikuamini hivyo. Daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili aliandika jina refu la Kifaransa, na ofisi ya pensheni ikanipokea kama mlemavu.

Fomu yenyewe ilitungwa, nadhani, na mtu aliyewahi kumwona mlemavu mmoja tu, aliyekatwa mkono na mashine. Iliuliza kama naweza kupanda ngazi. Iliuliza kama naweza kunyanyua mzigo, kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko. Nilijibu ukweli: ndiyo, isipokuwa ninaposhindwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa mwanamume aliye uchi, upande wa mbele na upande wa nyuma, na maelekezo kwamba mhusika aweke alama ya msalaba mahali penye ulemavu.

Nilimtazama mwanamume yule kwa muda mrefu.

"Weka kichwani," alisema mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni.

"Kichwa hakiumi."

"Basi mchoree kitanda, halafu uweke msalaba kwenye kitanda."

Niliweka msalaba kichwani, mdogo, uliopigwa kwa rula. Kwa kuwa nafasi za majibu hazikutosha, niliongeza karatasi zangu, nikaeleza zamu ya kwanza na zamu ya pili kwa vichwa vya habari na aya fupi, zinavyoanza, zinavyokwisha, nisichoweza kufanya katika kila moja. Nilinakili yote upya kwa mwandiko wa wino mweusi. Nilifurahi. Kwa mtu wa chapa, ukurasa safi ni ushahidi.

Karani wa dirishani alikuwa kijana mnene mwenye tai fupi, aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule na cha kwetu kwa pamoja. Alipindua karatasi zangu polepole kama anayekagua noti.

"Mzee, hii fomu ni nani alijaza?"

"Ni mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Imeandikwa mhusika ajaze kwa mkono wake."

"Hiyo nasoma. Lakini huu mwandiko hata mkubwa wangu hana. Sasa ugonjwa iko wapi?"

"Umeelezwa katika karatasi za nyongeza."

"Nauliza kwako, siulizi kwa karatasi." Akaona msalaba kwenye mchoro. "Ulipigwa kichwani?"

"Hapana."

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unamwekea huyu bwana msalaba?"

Watu wa foleni walicheka. Karani alitoa faili langu, akalamba kidole, akafika kwenye karatasi ya mwaka uliopita, siku nilipoonana na daktari wa pensheni.

"Hapa daktari ameandika: mgonjwa amevaa vizuri, anasema habari zake ni nzuri. Uliambia daktari hivyo?"

"Alinisalimia."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nzuri."

"Basi daktari hakudanganya." Akalifunga faili. "Utarudi kwake Alhamisi. Akiandika nzuri mara ya pili, mimi nafunga kabisa. Huko kaskazini watu wanapoteza miguu, mzee. Mguu ukikatika, kila mtu anaona. Ofisi inapenda kitu cha kuonekana."

Sina haja ya kumweleza mtu aliyelelewa vizuri kosa langu lilikuwa nini. Ukisalimiwa, unajibu nzuri. Nimewahi kumsalimia jirani aliyekuwa anatoka kuzika, akajibu nzuri, ndipo akaniambia nani amefariki. Nzuri ni kizingiti. Habari zenyewe ziko ndani ya nyumba. Kigali tunaongeza ugumu wetu, kwamba baada ya kizingiti hatumkaribishi mtu. Unajibu "ni meza" kwa Kinyarwanda, "nzuri" kwa Kiswahili, "ça va" kwa Kifaransa, kisha unazungumzia mvua. Nimeugua katika lugha tatu, na katika zote tatu nilikuwa mzima.

Jioni ile mke wangu aliamua kunifundisha. Alikaa kwenye kigoda, akashika mwiko kama kalamu, akakunja uso wa kidaktari.

"Habari yako, mzee?"

"Nzuri."

"Faili limefungwa. Mwingine aingie!" Akagonga sufuria. "Tena. Habari yako?"

"Nzuri kidogo."

"Kidogo ni nini? Unauza karanga? Sema mbaya."

"Siwezi kumwambia mtu mzima mbaya. Hajanikosea."

"Umeweza kuongezea wiki siku, mume wangu, neno moja ndilo linakushinda?"

Mimi hujifunza kwa mazoezi, kwa hiyo asubuhi nilijaribu neno hilo kwa muuza maji aliyepita mlangoni. Alisema habari ya asubuhi, mzee. Nilisema mbaya. Alitua madumu yake chini, akanitazama, akasema pole sana, akayabeba tena na kuondoka haraka bila kuniuzia maji. Kabla ya saa sita wanawake wawili wa mtaa waliingia uani, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja amebeba sufuria kubwa, wakauliza kwa sauti ya chini msiba uko chumba gani na wapike nini. Mke wangu aliitwa kutoka sokoni. Aliwaambia ni malaria imenipanda kichwani. Walikubali mara moja, wakaacha sufuria kwa heshima ya malaria.

Alipowasindikiza aliniambia, "Acha mazoezi. Siku yenyewe sema tu."

Lakini Alhamisi iliangukia zamu ya kwanza. Niliamka nikijua, kama mtu anavyojua mvua imenyesha kabla hajafungua mlango. Mke wangu alinikalisha, akanivisha, akanifunga vifungo kimoja kimoja. Hapa alifanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa mtaa wetu angelifanya: alinivalisha shati jeupe lililopigwa pasi na koti la harusi za watu, akanipaka mafuta usoni, akanichania nywele. Mke hampeleki mume wake kwa daktari akiwa ovyo, watu watasema nini? Nilipandishwa kilima cha kwenda mjini nikionekana kama mkaguzi wa shule. Njiani sikusema neno. Yeye alisema yote mawili, la kwake na la kwangu, kila tuliposalimiwa.

Daktari wa pensheni alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Daktari mkali angenirahisishia. Huyu alisimama, akanipa mikono yote miwili, akanivutia kiti, akamvutia na mke wangu. Alikulia Gisenyi, mpakani, na alipenda kuongea Kiswahili na watu wa rika langu. Karatasi zangu za nyongeza zilikuwa mbele yake, bado zimebanwa na pini kama nilivyozibana.

"Habari yako, mzee wangu?"

Nilijua neno linalotakiwa. Nilikuwa nalo kinywani. Kulitoa kulihitaji nguvu ileile ya kuinua kikombe, nami sikuwa nayo. Nzuri haihitaji nguvu yoyote, inatoka yenyewe.

"Nzuri, daktari."

Alitikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Nilimwona akiandika, na kwa kuwa nasoma kinyumenyume, nilisoma: amevaa nadhifu, anajibu vizuri, anasema yuko salama. Nilisoma mstari mzima kama mtu anayesoma habari za jamaa wa mbali. Ni kodi na vidonge vilivyokuwa vinaandikwa pale, na sikuweza hata kukohoa.

Akiwa bado anaandika, kwa adabu tu, alimgeukia mke wangu.

"Na wewe, mama, habari yako?"

"Mbaya."

Kalamu ilisimama. "Mbaya?"

"Mbaya, daktari. Sana."

"Pole, mama. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Naishi na huyu."

Daktari alicheka, kisha akaona yeye hacheki, akaweka kalamu chini. Ndipo mke wangu, ambaye hajawahi kumwambia mtu wa nje hata bei halisi aliyonunulia maharage, alianza kusema. Hakupandisha sauti. Alisema shati unaloliona nimelifunga mimi. Mafuta nimempaka mimi. Nimemshika mkono kama kipofu kutoka Kimisagara mpaka hapa. Alisema, "Akilala, nawaambia wateja ana malaria. Mwaka huu ameugua malaria kuliko mtaa mzima, mpaka wananiuliza kama tunafuga mbu." Alisema zamu ya pili ndiyo inamtisha zaidi, kwamba mwezi wa nne niling'oa mlango wa nyumba ili ufungukie upande wenye mantiki, nikachoka kabla ya kuurudisha, na akakaa mlangoni mpaka asubuhi akiwa na mwiko, wanajeshi wakipita barabarani. Mlango naukumbuka. Sikukumbuka kwamba kuna mtu alikaa pale.

"Na kisu," alisema.

"Kisu gani, mama?"

"Cha jikoni. Akiwa amelala hivi, nakificha kwenye gunia la maharage. Nakwenda nacho sokoni. Yeye anadhani kiliibiwa."

Kweli nilidhani kiliibiwa. Nilikuwa nimemshuku mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu mpole, na nilikuwa nimeacha kumsalimia.

Daktari alinigeukia. Hakuuliza habari tena, nadhani aliogopa jibu. "Mzee, haya ni kweli?"

"Ya kisu sikuyajua," nilisema. "Mengine nimeyaandika. Yako mbele yako."

Alizitazama karatasi zangu za nyongeza, aya zangu fupi, vichwa vyangu vya habari. Akavuta pini. Nililihesabu hilo kama ushindi, mpaka nilipoona anaitumia kubana kwenye faili karatasi nyeupe mpya, ambayo juu yake aliandika: maelezo ya mke. Alimwomba arudie tangu mwanzo, polepole. Mstari wangu wa nadhifu na salama aliufuta kwa mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo, kama mtu wa chapa, niliukubali.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Ilisema ulemavu umethibitishwa kutokana na maelezo ya mke, kwamba malipo yataendelea, na kwamba katika kila uchunguzi ujao mhusika aje na mke wake. Nilimsomea kwa Kifaransa, kisha nikamgeuzia kwa Kiswahili. Kuhusu karatasi zangu, barua haikusema kitu.

Alikuwa anajifunga kitenge kwenda sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kuugua ni wewe, na kushuhudia ni mimi, kila mwaka?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi mwambie karani wako anifungulie na mimi faili."

Nilisubiri acheke, kwa sababu yeye ndiye anayechekesha nyumbani kwetu. Alibeba gunia lake kichwani, akainama kupita mlangoni, akaenda.