Nilivyowageuza Askari Kuwa Mbwa

Kwenye mgodi ninakofanya kazi huku Geita, kila kitu kina msimbo wake kwenye kompyuta, na mimi ndiye ninayefunga misimbo isiyotumika. Wiki iliyopita niligundua kwamba hakuna kilichonunuliwa kwa msimbo wa mbwa wa ulinzi mwaka mzima. Sikumuuliza mtu kama unatumika kwingine. Msomi mzima niulize habari za mbwa? Nikaufunga. Mfumo ulipodai mbadala, nikachagua askari wa ulinzi, maana wote wanalinda.

Jana askari wote wakapata ujumbe wa kwenda getini kuchanjwa. Wakagoma, nikaitwa.

"Mzee, sindano ya nini hii?" akauliza Mama Kulwa, mkuu wao.

"Ya afya yenu! Mfumo nimeusafisha mwenyewe, haukosei." Nikakunja mkono wa shati, nikasimama wa kwanza kuwa mfano.

Daktari akashuka garini na boksi lake, akatutazama.

"Shikamooni. Mbwa wako wapi?"

"Mbwa gani?"

"Wa chanjo ya kichaa. Karatasi inasema askari, lakini mimi ni daktari wa mifugo."

Mama Kulwa akanigeukia taratibu.

"Daktari, anza na huyu aliyekunja shati. Ndiye aliyetuandikisha."