Masika Wawili Nje ya Jumba la Mfalme

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyofika mlangoni mwa jumba la mfalme nisiingie. Najua unacheka. Mtu apande ndege kutoka huku Bwera, pembezoni mwa Uganda, mpaka Ubelgiji, arudi kusimulia mlango.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walimu wachache wa hapa Kasese tulialikwa kutazama shule za huko, na Jumamosi wakatupeleka kutembea. Tulianza na bustani, maua yamepangwa kama watoto mstarini. Baadaye tungeingia jumba la mfalme, na hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu tuondoke nyumbani. Nilimwahidi mama yangu kumweleza kila kitu, hata mapazia.

Nilibaki nyuma nikifunga kiatu. Kiongozi wetu, Mwalimu Baluku, akaniita kutoka langoni, "Masika, kuja mbio! Watu nafunga mlango."

Nikainua kichwa. Mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akipalilia maua naye akainua kichwa.

Unajua kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, huku na ng'ambo ya mpaka, Congo. Yule mwanamke aliacha kazi, akanijia.

"Uko mutu ya wapi?"

Nikamwambia Bwera. Akaketi palepale kwenye nyasi, akanishika mkono, akalia.

Alikuwa yaya wa Wazungu waliokimbia vita vya Congo, wakaondoka naye; sasa alikuwa kibarua wa bustani ile. Kusoma hakujua, na nyumbani hakuna aliyejua kama bado anaishi. "Mama yangu anauzishaka mafuta ya mawese mu soko ya Mpondwe," akasema. "Iko na kovu ku shavu. Umuambie niko muzima."

Baluku aliita tena. Nilitamani sana kuingia, sikufichi. Nililitazama lango, nikautazama ule mkono, nikaketi. Tuliongea mpaka wenzangu walipotoka wakisimulia dari za dhahabu.

Niliporudi, kila siku ya soko nilikwenda Mpondwe, hapo mpakani, kuwatazama wauza mawese mashavuni. Walinitania kwamba nimekuwa polisi wa mafuta. Hatimaye nikampata mama mwenye kovu. Nilipompa habari alifunika debe lake, akatandika kitenge chini.

"Ikala vile alikuwa anaikala," akaniambia.

Nikaketi kama nilivyomwona binti yake, miguu upande mmoja. Mama akaketi karibu yangu, akaushika mkono uleule, na hakuuachia mpaka watu walipoanza kufunga mizigo yao.

Sasa wewe unafunga sanduku kwenda nchi za watu na wenzako wa kazi. Nenda ukayaone majumba, mwanangu. Uyaangalie na kwa ajili yangu, maana mpaka leo natamani kujua mapazia yale yalikuwa ya rangi gani. Lakini mtu akikuuliza unatoka wapi, na sauti yake ikatetemeka, usimkimbie kwa sababu kundi linakuita. Keti naye. Huenda kuna mama anayemngoja, na wewe ndiye pekee unayerudi upande ule.

Mungu akutangulie, akulinde ugenini. Na siku utakayokuwa peke yako huko, akupitishie mtu anayelijua jina lako, atuletee habari zako tungali hai.