Theluji ya Nyuma ya Malindi

Siku yangu ya kwanza kazini niliangukiwa na theluji, na kanzu niliyotoka nayo Bububu ilikuwa imelowa jasho. Vijana huniuliza kama nilikwenda Ulaya. Wapi! Theluji ya Unguja ilianguka kila masika ndani ya ghala la kugandishia samaki, nyuma ya Malindi, nami niliifanyia kazi mpaka nikastaafu.

Fundi Mkuu, msimamizi wetu, alinicheka. "Mlango ukiufungua, unyevu wa nje unaingia. Ukikutana na baridi, unageuka chembe nyeupe. Ukifunga, theluji inakatika. Usiogope, hapana shetani humu."

Tulikwangua barafu kwenye koili, yale mabomba yanayoleta baridi, tukapanga maboksi ya jodari na pweza. Kabla ya kufunga mlango ilikuwa lazima kumwita mwenzako kwa jina mara tatu. Sisi tumelelewa hivyo: sauti ambayo mwenyewe humwoni, usiiitikie mara ya kwanza wala ya pili. Asiye binadamu hafikishi ya tatu.

Mwenzangu alikuwa Makame, Mtumbatu mwenye maneno machache. Ijumaa moja nilirudi kutoka bandarini kupokea samaki, nimeshachelewa kwenda kuswali. Nilichungulia ghalani, sikuona mtu. Nikaita "Makame!" mara moja tu. Kimya. Nikajiambia ametangulia msikitini, nikafunga. Haraka haraka haina baraka, nami niliijua tangu utotoni. Komeo la ndani lilikuwa limeshikwa na barafu siku nyingi, na hakuna aliyejishughulisha kulitengeneza.

Nilikuwa natia udhu nje nilipotupa jicho kwenye kidirisha cha mlango. Theluji ilikuwa bado inaanguka. Mlango nimeufunga kitambo, nayo inaanguka taratibu, pembe moja tu, nyuma ya maboksi. Miguu ilitaka kukimbia. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikafungua.

Makame alikuwa ameketi chini pale pale, nyusi nyeupe, macho wazi, pumzi yake ikigeuka chembe nyeupe. Nilimburura mpaka juani.

"Mbona hukuitika, ndugu yangu?"

"Leo umeniita tangu asubuhi," alisema, meno yakigongana. "Mara mbili nshaitika, nshatoka mpaka nje, hukuwepo. Basi safari hii nkasema, nnangoja ya tatu."

Asubuhi yote mimi nilikuwa bandarini.

Fundi Mkuu alitusikiliza mpaka mwisho. "Hizo sauti za asubuhi sizijui," alisema. "Wewe umemwita mara ngapi?"

Nilimwonyesha kidole kimoja. Niliona aibu siku ile, na mpaka leo naiona.

Sasa ghala lina mlango mpya na king'ora, na vijana wanafunga bila kumwita mtu. Makame naye kastaafu, anakaa Chukwani, na hajapata kunilaumu hata kwa neno moja. Lakini nikimwona njiani nikamwita, haitiki. Husimama, akanifuata mpaka nilipo, akanishika mkono kuona kama una joto. Ndipo husema, "Naam."