Kumsindikiza Binti Kwenye Theluji

Sisi Wakenya wa Grand Prairie, huku Texas, hatujui kumwacha mgeni aende. Tunaagana sebuleni, tunaagana tena mlangoni, kisha nyumba nzima inamfuata mpaka kwenye gari, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Mgeni akiaga nawe ubaki umekalia kochi, Jumapili kanisani utazisikia habari zako.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia amepata mchezo mpya, kutembea milimani wakati wa theluji, mbali na barabara, huko Colorado, nilimwambia tutaenda wote. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Mimi ni nesi, na mifupa iliyovunjika nimeiona ya kutosha. Isitoshe, kwetu Texas barabara ikipata utando kidogo tu wa barafu, mkate unaisha madukani na magari yanaingia mitaroni. Sasa mtoto wangu aifuate theluji kwao? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Tuliendesha gari kutwa nzima. Kesho yake mwongozaji wetu, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alitusomea taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji siku hiyo: ndogo, ila tujihadhari na miteremko ambako upepo umerundika theluji. Akatuvalisha kifuani vifaa vya redio vya kumtafutia mtu aliyefukiwa, akatupa beleshi na fimbo ndefu za kukunja za kudunga theluji kumtafuta aliye chini yake. Njiani alichimba shimo akatuonyesha: juu tabaka gumu, chini yake punje zisizoshikana, kama sukari. Tabaka la juu likikatika, alisema, upande mzima wa mlima unaweza kuporomoka. Mimi nilitamani gari.

Tukafika mahali njia inapokata mteremko. Kabla hajatangulia, mwongozaji alisisitiza kwamba tutavuka mmoja mmoja, na wengine wasimame wakitazama. Alipofika ng'ambo akampungia binti yangu mkono. Binti akaanza, nami na viatu vyangu vipana vya theluji nikaanza nyuma yake. Hata sikufikiri. Mtoto akiondoka, mama anamsindikiza.

"Mum, stop! Unaenda wapi?"

"Si nakusindikiza tu."

"Rudi, please. Theluji ikitu-cover wote wawili, huyu mama atachimba nani kwanza?"

Nilisimama hapo hapo. Jibu langu nililijua, na la binti yangu nililijua, na hayakuwa sawa. Nikarudi kinyumenyume nikinung'unika. Umoja ni nguvu, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, kumbe kuna mahali umoja ni uzito tu. Niliuchukia ule mlima kwa moyo wangu wote.

Kazi yangu sasa ilikuwa kumtazama, ili akifukiwa niweze kuonyesha mahali alipoonekana mwisho. Kazi gani hiyo ya kumpa mzazi? Nilimkazia macho, nikaogopa hata kupepesa. Nikaomba kimyakimya, ingawa mwongozaji alikuwa ametuambia kwamba sauti ya mtu haiangushi theluji. Hatua zake hazikuwa na haraka wala woga, na nilishangaa kuona kwamba anajua anachofanya. Hilo nalo liliniuma kidogo.

Akafika. Akageuka, akainua mkono: zamu yangu.

Nilivuka nikihema, magoti yakilalamika, macho yakiwa kwenye alama za nyayo zake. Katikati ya mteremko nikainua kichwa. Binti yangu, ambaye nyumbani hunijibu huku akiangalia simu, alikuwa amesimama wima ng'ambo ile, amenikodolea macho, hapepesi. Hakuwa amenitazama hivyo tangu alipokuwa ananyonya.

Nikapunguza mwendo makusudi, mpaka akanipigia kelele: "Mum, tembea!"