Hayo Matanga

Hoteli yetu ya Al Muraqqabat, Dubai, ilipotangaza wiki ya vyakula vya Misri, vililetwa vyombo vinne vidogo vya majini, vya mbao, vya kupambia mlango wa mkahawa, mfano wa vile ambavyo Wamisri wa kale waliwawekea wafu wao makaburini ili wapate kusafiria. Viwili vilikuwa na tanga. Viwili vilikuwa na makasia tu, mlingoti umelazwa. Mimi na mwenzangu, wahudumu kutoka bara ya Kenya tulioiona bahari mara ya kwanza kwenye dirisha la ndege, tukasema hivi viwili vimeharibika njiani. Tukavishonea matanga kwa vitambaa vya mezani na kujiona mafundi.

Mwenzangu alishona huku akiwaza kwao. Mama yake alikuwa amefariki, mazishi ni Jumamosi, na madam, meneja wa hoteli, alikuwa amemwambia ruhusa ni baada ya wiki ya Misri, khalas, basi. Hakumwambia mtu mwingine ila mimi. Nilikuwa na hasira ya kupasua sahani.

Msimamizi wetu, mzee wa Kizanzibari aliyekulia Dubai, hakuwa na habari. Alikuwa mkali, na sikumpenda hata kidogo. Mpishi wa Kimisri alikuwa amemweleza kwamba upepo wa Naili huvuma kutoka kaskazini: chombo kinachokwenda kusini hutweka tanga, kinachorudi kaskazini hulishusha, kikachukuliwa na mto. Marehemu alipewa vyote, cha kwendea na cha kurudia. Mzee alipoona kazi yetu, akamgeukia mwenzangu.

“Wewe, hayo matanga mtayaondoa lini?”

Kwetu bara matanga ni ya msiba tu, hayo ya chombo nilijifunza jina lake baadaye, na kuondoa matanga ni kumaliza maombolezo. Mwenzangu akainamisha kichwa.

“Bado, mzee. Hata hatujamzika.”

“Nani?”

“Mama.”

Mzee alikaa kwenye kiti cha wageni, kitu alichotukataza sisi kila siku. Akasema innalillahi. Akamwomba radhi, “Nisamehe, mwanangu,” kisha akainuka kwenda kwa madam. Kilichonifikia mlangoni ni sauti yake tu: “Mimi ndiye mdhamini wake. Atarudi.”

Jioni ile mwenzangu alikuwa na pasipoti mkononi, ile iliyokuwa imefungiwa ofisini kwa madam.

Alimzika mama yake. Dubai hakuonekana tena. Madam alimwita mzee mbele yetu sote, akamuuliza mtu wake yuko wapi.

“Amerudi, madam,” akasema. “Amerudi kwao.”

Zamu zake nikapewa mimi, na nilizifanya bila kunung'unika, mimi niliyejulikana hoteli nzima kwa kelele.